Vijiti vya Uzazi wa Majira: Historia ya Dawa Isiyo na Haraka

Huko Rumonge, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika ambako mashamba ya michikichi yameenea na msitu wa asili wa Kigwena ungali umesimama kusini ya mji, mama anayetaka kupumzika baina ya uzazi mmoja na mwingine huweza kuwekewa vijiti chini ya ngozi ya mkono, kisha akarejea kwenye shughuli zake bila ya haja ya kukumbuka kidonge kila siku. Lakini ni wachache wajuao kuwa hikima iliyomo ndani ya vijiti hivyo iliwachukua wataalamu zaidi ya miaka 30, na kwamba taabu yao kubwa haikuwa kuipata dawa, bali kuizuia isitoke kwa pupa.

Mwaka 1937 Deanesly na Parkes, wataalamu wa Uingereza, waliwapachika wanyama vidonge vya homoni tupu chini ya ngozi, wakaona taathira yake yadumu kuliko ya sindano; illa kadiri kidonge kilivyopungua ndivyo na dawa ilivyopungua, kwani hapakuwa na ukuta wa kuidhibiti. Ukuta huo ulipatikana Marekani, pale Judah Folkman na David Long, waliokuwa katika taasisi ya utabibu ya jeshi la majini mjini Bethesda, walipobaini kuwa dawa fulani hupenya mpira wa silikoni taratibu, wakalitangaza jambo hilo mwaka 1964. Wao walikuwa wakitafuta tiba ya moyo. Sheldon Segal wa shirika la Population Council na Horacio Croxatto wa Chile ndio walioielekeza hikima hiyo kwenye uzazi.

Namna ya kwanza ya kupakia dawa ilikuwa kuijaza: mrija wa silikoni wa milimita 34 ulitiwa unga mkavu wa homoni ya levonojestreli, miligramu 36, na ncha zake zikazibwa kwa gundi ya silikoni. Mirija sita ya namna hiyo ndiyo Norplant, iliyoidhinishwa Finland mwaka 1983. Haikuwa na tundu hata moja. Dawa ilijipenyeza katika ukuta wenyewe, mikrogramu 85 hivi kwa siku hapo mwanzo, na baadaye 30 hivi. Lakini kuitoa mirija sita mkononi mwa mtu lilikuwa jambo la udhia.

Ndipo ikaja namna ya pili, ya kuchanganya: dawa na mpira wa silikoni, nusu kwa nusu, vilikandwa pamoja kama unga wa mkate, vikafanywa kijiti na kuvikwa ala ya mpira mtupu, hata kijiti kimoja kikabeba miligramu 75 na viwili vikatosha, hiyo ndiyo Jadelle. Namna ya tatu ni ya Organon, kampuni ya Uholanzi, iliyoichanganya homoni ya etonojestreli na plastiki iliyoyeyushwa kwa moto, ikaisukuma mashineni pamoja na utando wake kwa mara moja, ukatoka uzi wa kukatwa vipande vya sentimita 4. Kipande kimoja, chenye miligramu 68, ndicho Implanon, iliyoanza kuuzwa mwaka 1998.

Ilibaki bei, nayo ilipungua mwaka 2013, Jadelle iliposhushwa kwa nchi maskini kutoka dola 18 hadi 8.50.

Hata hivyo, kila shehena ina mwisho wake: Jadelle iliidhinishwa kwa miaka 5, Implanon kwa miaka 3. Kwa hiyo, ndugu msomaji, awe ni wewe au ni mkeo, aliyewekewa kijiti na amuulize muuguzi jina la kijiti hicho, aandikiwe kwenye kadi tarehe ya kukitoa, na kadi hiyo aitunze.