Kisima cha Ruma na Mabaraza ya Zama Zetu



Walipohamia Madina Mtume wetu (S.A.W.) na Masahaba zake, maji matamu yalikuwa haba mjini humo. Kisima cha Ruma kilisifika kwa maji yake, lakini kilikuwa na mwenyewe, naye akiyauza maji hayo. Asiyekuwa na kitu alirudi na kiriba kitupu. Mtume (S.A.W.) akawahimiza Waislamu mmoja wao akinunue, ndoo yake iwe sawa na ndoo za wenziwe, na akaahidi malipo bora zaidi Peponi. Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.) akakinunua kwa mali yake na kukifanya wakfu. Tangu hapo tajiri na maskini, mwenyeji na mpita njia, wote wakateka bure.

Huenda ukauliza: kisima cha Madina kina uhusiano gani na mazungumzo yetu ya kwenye simu? Uhusiano upo, tena ni mkubwa. Leo darasa la tafsiri, tangazo la maziko, mchango wa madrasa na habari za wagonjwa vyote hupita katika mabaraza ambayo si yetu. Yana wenyewe, nao wako mbali, na hatukuwahi kuwauliza wanataka nini kwetu. Basi yatupasa kuijua historia ya jambo hili, ili tujue tumefikaje hapa na kama ipo njia nyingine.

Mwanzo wake haukuwa hivi. Mwaka 1979 wanafunzi wa vyuo vikuu viwili vya North Carolina, Marekani, walibuni utaratibu ulioitwa Usenet. Kila chuo kiliweka kompyuta yake, nazo zikapelekeana maandishi ya watu kwa njia ya simu. Hakukuwa na mwenye baraza mmoja. Aliyepokea habari alimpitishia jirani yake.

Wakati huohuo, katika chuo cha MIT, mtaalamu aitwaye Richard Stallman alikutana na mkasa mdogo uliozaa jambo kubwa. Printa mpya ya maabara yao ilikuwa ikikwama karatasi. Yeye alitaka kuirekebisha programu yake ili iwaarifu watu kila ikwamapo, lakini alinyimwa maandishi ya asili ya programu hiyo, kwani aliyekuwa nayo alikwisha kuahidi kutompa mtu. Stallman aliona hapo dhulma: elimu imefichwa, na jirani amekatazwa kumsaidia jirani. Mwezi wa Septemba 1983 alitangaza kazi ya kutengeneza programu huru, akaiita GNU, na mwanzoni mwa 1984 akaacha kazi yake chuoni ili aishughulikie. Kwake yeye programu ni huru pale kila mtu anaporuhusiwa kuitumia atakavyo, kuichunguza na kuibadili, kumpa mwenziwe nakala, na kuyaeneza mabadiliko aliyoyafanya.

Mwaka 1989 ilitoka leseni yake, iitwayo GPL. Tazama, msomaji, hekima iliyomo. Leseni hiyo haikuitupa kazi ovyo kila mwenye nguvu ajichukulie. Ilimruhusu kila mtu kuitumia, kwa sharti kwamba atakayeieneza awape wenziwe haki zilezile alizopewa yeye. Sisi jambo hili si geni kwetu. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipopata ardhi Khaybar alimtaka shauri Mtume (S.A.W.), naye akamwelekeza aizuie asili yake na ayatoe matunda yake sadaka, isiuzwe, isitolewe zawadi, wala isirithiwe. Stallman si Mwislamu, wala hakudai kuiga wakfu. Lakini haki ni haki, hata akiifikia mtu kwa njia nyingine.

Tarehe 30 Aprili 1993 kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, kiliitoa kwa watu wote, bila malipo, kazi ya Tim Berners-Lee ya kuunganisha kurasa za intaneti. Juu ya ardhi hiyo iliyotolewa bure, wengine wakajenga nyumba zenye makufuli. Yahoo Groups ilianza 2001, Facebook 2004, Twitter 2006. Milango ilikuwa wazi na hakuna aliyetozwa hata senti. Lakini mfanyabiashara hali hewa. Kilichouzwa ni sisi wenyewe: tunalolipenda, tunayezungumza naye, mahali tulipo, vyote vikawa bidhaa ya wenye matangazo.

Madhara yake hayakukawia. Mwaka 2018 ilibainika kwamba habari za watu wapatao milioni 87 wa Facebook zilifika mikononi mwa kampuni ya siasa, Cambridge Analytica, bila ya ridhaa yao. Mwezi wa Novemba 2020 jarida la Motherboard lilieleza kwamba Muslim Pro, programu ya nyakati za sala na Kibla, ilikuwa ikiipelekea kampuni iitwayo X-Mode habari za mahali walipo watumiaji wake, na miongoni mwa wateja wa X-Mode walikuwamo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye programu walikana kuliuzia jeshi, wakatangaza kuvunja uhusiano na X-Mode. Hata hivyo fikiri: mja anauliza Kibla kiko wapi, na hatua zake zinahesabiwa! Katika Suratul Hujurat Mola wetu ametukataza kupelelezana. Je, katazo hilo hutenguka kwa kuwa mpelelezi ni mashine?

Na vipi mwenye nyumba akichoka? Yahoo iliyafuta maandishi ya vikundi vyake mwanzoni mwa 2020, na mwezi wa Disemba mwaka huo ikaufunga mlango kabisa. Mazungumzo ya karibu miaka ishirini yakaondoka, isipokuwa yale ambayo wenyewe waliwahi kuyaokoa. Tena tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika pamoja kwa muda wa karibu saa sita, na dunia nzima ikajikuta imesimama mbele ya kisima kimoja kilichofungwa.

Wapo waliotafuta njia nyingine. Mwaka 2010 vijana wanne wa New York waliomba mchango wa dola 10,000 kujenga baraza huru, Diaspora. Watu wakawapa zaidi ya dola 200,000. Mwaka 2016 kijana Eugen Rochko, huko Ujerumani, alitoa Mastodon. Humo kila jumuiya huweza kuwa na nyumba yake na kanuni zake, na nyumba hizo husemezana kwa lugha moja iitwayo ActivityPub, iliyopitishwa kuwa kanuni ya wote mwezi wa Januari 2018. Mmoja akifunga mlango, mji haufi.

Lakini tusidanganyane. Twitter iliponunuliwa na Elon Musk mwezi wa Oktoba 2022, waliotumia Mastodon kwa mwezi walipindukia milioni 2. Kisha wengi wakarudi walikotoka, kwa kuwa jamaa zao wamebaki huko. Wala uhuru peke yake si wema. Usenet ilikuja kuharibiwa na matangazo ya walaghai kwa kukosa walinzi. Mwaka 2014 kundi lililojiita Dola la Kiislamu, lilipofukuzwa Twitter, lilikimbilia Diaspora, na waundaji wake hawakuwa na mkono wa kulitoa; iliwabidi wawaombe wenye kila nyumba walitoe wao.

Hapa ndipo penye somo letu. Watu wa mwambao wanazijua wakfu: misikiti, visima, mashamba ya minazi. Wanajua pia kwamba wakfu usio na msimamizi mwaminifu hugeuka gofu. Kisima huru kinataka mtu wa kukisafisha, kamba mpya, na fedha za kununua kamba hiyo. Tunachangia mazulia ya msikiti na mapipa ya maji. Mara ngapi tumechangia baraza ambalo watoto wetu hukaa humo kuliko wanavyokaa msikitini?

Sisemi uitupe simu yako leo. Nasema, weka nakala ya darasa na kumbukumbu za jumuiya yako mahali mnapopamiliki. Waulize vijana wenu wanaosoma kompyuta kama wanaweza kuwasimamishia nyumba yenu, hata ndogo. Wakiweza, wapeni gharama zake na muiandike kuwa sadaka yenye kuendelea. Uthman (R.A.) hakukaa akimlaumu mwenye kisima. Alitia mkono mfukoni.

Wabillahi Tawfiq.