Wenye Kusali wa Bukini

Leo twavuka bahari mpaka kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, tutazame jinsi imani ilivyojaribiwa huko.

Katika mwaka wa 1818 walifika wamisionari wawili kutoka Wales, David Jones na Thomas Bevan. Bevan alikufa upesi kwa homa. Jones alipanda hadi mji mkuu, Antananarivo, mwaka wa 1820, naye Mfalme Radama wa Kwanza akamruhusu kufungua shule. Watoto wakajifunza kusoma kwa lugha yao wenyewe, Kimalagasi.

Radama alipofariki mwaka wa 1828, mkewe Ranavalona alishika ufalme. Malkia aliona ya kuwa dini mpya yawatenga raia na mila za wazee wao, na kupunguza utii wao kwake. Basi tarehe 1 Machi 1835 akawakataza watu wake Ukristo, akawaamuru waliobatizwa wajishtaki wenyewe. Wamisionari waliobaki wakaondoka mwaka wa 1836. Walakini walikuwa wamekwisha piga chapa Biblia nzima kwa Kimalagasi.

Mwaka wa 1837 mwanamke mmoja, jina lake Rasalama, alipelekwa Ambohipotsy kuuawa. Alipiga magoti, na alipokuwa akisali akachomwa mikuki. Mwaka wa 1849 watu 14 walitupwa kutoka genge la Ampamarinana, na wanne wa ukoo wa kifalme wakachomwa moto. Wengine wengi walitozwa faini, wakafungwa minyororo, wakatiwa utumwani.

Tungedhani kwamba imani ingalikufa. Haikufa. Wakristo walizika Biblia zao ardhini, wakazifukua kwa siri. Kitabu kilichochakaa kiligawanywa, karatasi zake zikapita mkono kwa mkono. Walikutana usiku majumbani, mapangoni na vilimani. Hapakuwa na mgeni wa kuwaongoza; waliongozana wenyewe kwa wenyewe. Nao watu wakawaita mpivavaka, maana yake wenye kusali.

Ranavalona alifariki mwaka wa 1861, na mwanawe Radama wa Pili akawapa watu uhuru wa dini. Wamisionari waliporudi waliwakuta Wakristo wengi kuliko wale waliowaacha. Kisha, mwaka wa 1869, Malkia Ranavalona wa Pili akabatizwa. Watu wakamiminika makanisani, na wengi wao walikuja kwa kuwa malkia amekuja.

Tusiseme basi kwamba mateso ni mema, kwani walioogopa na kuikana imani walikuwako pia, nao waliokufa waliacha yatima. Mateso ni kama ungo: hayapandi mbegu, bali hupepeta. Mbegu ilikwisha pandwa kwa kusoma na kuelewa. Mwalimu alipoondolewa, kila mtu alilazimika kusali kwa kinywa chake mwenyewe, na sala ya namna hiyo haikuhitaji ruhusa ya mfalme.

Nasi tulio na amani, tujiulize: je, tungeondolewa mwalimu na kengele, tungesali?