Je, Star Trek Ndiyo Iliyotuletea Simu ya Mkononi?

Kama umewahi kukaa na mashabiki wa Star Trek, hii umeshaisikia: eti simu uliyonayo mfukoni ilizaliwa kwenye televisheni. Hoja yao inakwenda hivi. Mwaka 1966 tamthilia hiyo ilianza kurushwa Marekani, na humo Kapteni Kirk ana kifaa kidogo cha mkononi. Anafungua kifuniko, anaongea, na wenzake walioko kwenye chombo huko angani wanamsikia. Miaka 7 baadaye, tarehe 3 Aprili 1973, mhandisi Martin Cooper wa Motorola akasimama mtaani New York na kupiga simu kwa kifaa cha mkononi. Mwaka 1996 Motorola hao hao wakatoa simu ya kukunja iitwayo StarTAC. Kwa shabiki, kesi imeisha.

Tena wana shahidi. Katika filamu ya makala ya mwaka 2005, Cooper mwenyewe aliihusisha kazi yake na Star Trek. Lakini baadaye alieleza vingine: kilichomkaa kichwani ni redio ya kuvaa kama saa ya Dick Tracy, mpelelezi wa katuni za magazetini, iliyoanza kuonekana 1946. Na hiyo saa nayo ukiifuatilia inakurudisha kwa mafundi, maana mchoraji Chester Gould alipata wazo lake baada ya kuona vifaa vya Al Gross, mvumbuzi wa redio ndogo za mawasiliano. Sasa nani kamwiga nani?

Tuwaache mashahidi, tuangalie kifaa chenyewe. Kirk anaongea moja kwa moja na chombo chake. Hana mnara, hana mtandao. Simu yako haifanyi hivyo hata kidogo. Ukimpigia rafiki aliyekaa chumba cha pili, sauti yako inakwenda kwanza mnarani. Na hapo ndipo ulipo uvumbuzi wenyewe. Masafa ya redio ni machache. Huduma ya simu za kwenye magari iliyoanza St. Louis mwaka 1946 iliweza kubeba maongezi machache tu kwa wakati mmoja, mji mzima! Mwaka 1947 Douglas Ring wa Bell Labs akaandika pendekezo: gawanya mji katika maeneo madogo madogo, kila eneo liwe na mtambo wake wenye nguvu ndogo, ili masafa yale yale yatumike tena katika eneo lingine lililo mbali kidogo. Hiyo ni miaka 19 kabla ya Kirk kufungua kifuniko chake. Televisheni haikuionyesha minara, na siwalaumu waandishi, maana mnara hauna mvuto wowote kwenye skrini.

Hata ile simu ya 1973 haikutengenezwa kwa sababu ya ndoto tu. Kampuni kubwa ya simu ya AT&T, iliyomiliki Bell Labs, ilikuwa inataka ikabidhiwe masafa mapya, na mipango yake iliegemea zaidi simu za kwenye magari. Motorola waliona wanafungiwa mlango. Wakajenga kifaa cha maonyesho kwa takriban miezi 3 ili kuishawishi serikali kwamba ushindani unawezekana. Kilizidi kilo moja. Hebu shika pakiti ya sukari sikioni uone mkono utakavyokuambia. Na unajua Cooper alimpigia nani? Joel Engel wa Bell Labs, mshindani wake. Simu ya kuuzwa madukani ilichukua miaka 10 mingine, ikatoka 1983 kwa dola 3,995. Iliitwa DynaTAC, kwa hiyo lile "TAC" linalowasisimua mashabiki lilikuwepo muda mrefu kabla ya StarTAC.

Hapa ndipo nadharia hii inaponikera. Inafuta ubishi wa masafa, hesabu za Ring na kazi ya mafundi, inabaki na mtu mmoja aliyetazama televisheni akapata wazo.

Lakini mashabiki hawajakosea kwamba tamthilia ile iligusa dunia halisi. Nadhani wanatafuta ushahidi mahali pasipo. Wamtazame aliyeketi kwenye kiti cha mawasiliano, Luteni Uhura, ambaye jina lake limetokana na neno letu "uhuru". Aliyemwigiza, Nichelle Nichols, alipewa kazi na NASA mwaka 1977 kuwahamasisha wanawake na watu weusi waombe nafasi za uanaanga. Kundi la watu 35 lililochaguliwa mwaka uliofuata lilikuwa na Sally Ride, mwanamke wa kwanza wa Marekani kwenda angani, na Guion Bluford, Mmarekani mweusi wa kwanza. Wote wawili waliruka 1983.

Mae Jemison alikuwa mtoto aliyemwangalia Uhura kwenye televisheni. Septemba 1992 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani, na huko akaanza zamu zake kwa maneno ya Uhura ya kufungua mawasiliano. Mwaka 1993 alicheza nafasi ndogo katika Star Trek mpya ya miaka hiyo. Siku ya kurekodi, Nichols alikuja kumtazama.