Ufa Uliopita Chini ya Taa

Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya United Airlines, safari namba 232, ilitoka Denver kwenda Chicago ikiwa na watu 296. Juu ya Iowa, diski ya feni katika injini ya mkiani ilipasuka, vipande vyake vikamaliza mifumo yote mitatu ya haidroliki. Rubani Al Haynes na wenzake wakabaki na nguvu ya injini mbili tu za kuiongozea ndege. Waliifikisha Sioux City. Watu 112 walikufa, 184 wakapona. Marubani hao wamesimuliwa sana, hadi filamu ikatengenezwa, na wanastahili. Lakini mimi hunijia mkaguzi aliyeitazama diski ile San Francisco, Februari 1988, akaipitisha.

Vipande vya diski vilipatikana miezi mitatu baadaye, wakati wa kuvuna mahindi. Vikapelekwa maabara. Titani yake, iliyoyeyushwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa na kijidoa kigumu chenye naitrojeni nyingi kupita kiasi. Hapo ndipo ufa ulipoanzia, ukarefuka kidogo kidogo kila ndege iliporuka. Kiwandani General Electric walikuwa wameipima kwa mawimbi ya sauti, kwa asidi na kwa dawa inayong'aa. Na makaratasi yao, ajabu, yalionyesha diski mbili zenye namba moja, moja kati yake ikiwa imekataliwa!

Hiyo dawa inayong'aa inafanya kazi hivi: unasafisha chuma, unakipaka, unangoja ipenye, unaosha ya juu, kisha unanyunyiza poda iinyonye iliyobaki ndani. Unaingia chumba cha giza na taa ya urujuanimno. Kama kuna ufa, utauona kama uzi wa kijani. Rahisi kusema. Diski ile ilikuwa nzito, imening'inizwa kwa kebo, inazungushwa kwa mkono. Tena karibu kila chuma kinachopita hapo ni kizima. Wewe hebu tafuta siku nzima kitu ambacho unajua pengine hakipo.

Diski ilikaguliwa hivyo mara 6 katika maisha yake. Katika ile ya mwisho, kwa hesabu za wachunguzi, ufa ulikuwa na urefu wa karibu milimita 12. Ndani yake wakakuta mabaki ya dawa yenyewe. Yaani dawa iliingia, na jamaa hakuuona.

Ningetarajia bodi ya uchunguzi ya Marekani, NTSB, imtwishe yeye lawama. Ripoti ya 1990 haikufanya hivyo: ilisema taratibu za karakana hazikuzingatia vya kutosha mipaka ya binadamu anayekagua. Sijui kama hilo lilimpa mtu usingizi.

Wala hadithi haikuishia hapo. Julai 1996, Pensacola, Florida, feni ya injini ya ndege ya Delta ilipasuka ikiwa bado ardhini, watu 2 wakafa. Karakana haikuuona ufa, tena chini ya taa ileile. Lakini kule kiwandani, miaka kadhaa kabla, ukaguzi wa kuchovya ulikuwa umeonyesha alama ndani ya tundu moja. Jicho liliiona. Ila katika picha za kulinganishia hapakuwa na kitu kama kile, ikapitishwa.