Njia ya Kombe, kutoka Soni hadi Tongoni

Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33, na karibu zote ni mteremko. Barabara inapita Soni, penye maporomoko ya maji, kisha inajipinda ubavuni mwa mlima mpaka baridi ikuachie na joto la bondeni likupokee. Wasambaa wana majina ya pande hizo mbili. Juu, kwenye migomba na mvua, ni shambaai. Chini, kwenye miiba na jua, ni nyika.

Pale Soni nilimwamkia mzee mmoja aliyekuwa akingoja gari.

“Marahaba, mwanangu. Waelekea wapi?”

Nikamwambia nashuka hadi pwani, kufuata njia ya kombe.

“Kombe wa baharini?” akauliza. “Huku kwetu milimani?”

Ndiyo, huku huku. Wanaakiolojia waliochimba tambarare ya Mombo, chini ya safu hii ya Usambara, wamekuta magamba ya baharini na shanga za magamba kwenye makazi ya kale, pamoja na vigae vya vyungu vya mtindo uliokuwa ukitumika pwani zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kutoka Mombo hadi mlango wa mto Pangani ni takriban kilomita 100 kwa mstari ulionyooka, na njia ya miguu haijawahi kunyooka.

Vuga, mji wa wafalme wa ukoo wa Kilindi, ulikuja baadaye sana. Abdallah bin Hemedi l’Ajjemy, katika Habari za Wakilindi, anasimulia jinsi Mbegha, mwindaji wa nguruwe kutoka Nguu, alivyopokelewa na Wasambaa akawa mtawala wao. Kitukuu chake, Kimweri ye Nyumbai, alikuwa Simba Mwene, yaani mfalme, hadi karibu mwaka 1862, na enzi yake ilishuka kutoka Vuga hadi ufukweni, ambako madiwani wa miji ya pwani walimtambua. Mmisionari Krapf alimfikia mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Februari 1857 walipanda wasafiri Burton na Speke kutoka Pangani, wakamkuta amekwisha kuwa mzee sana. Baada ya kifo chake ufalme ukapasuka. Mwanawe Semboja aliweka makao yake Mazinde, kule nyikani, kwa sababu ndiko misafara ilikopita.

Historia ya njia hii tumeisoma kwa pembe za ndovu, bunduki na watumwa. Ni historia ya kweli, na uchungu wake haujaisha. Lakini kabla ya yote hayo njia ilikuwapo, na waliopita walibeba vitu vidogo vilivyotoka mikononi mwa watu wasioandikwa popote. Mimi niliwafuata hao. Nikapita Korogwe, nikaandamana na mto hadi Pangani, kisha nikapanda kaskazini hadi Tongoni, karibu na Tanga, penye magofu ya msikiti na makaburi ya minara.

Nilifika maji yakiwa yamekupwa, siku za bamvua. Wanawake walikuwa wametawanyika mbali kwenye mchanga wenye tope, kati ya nyasi za bahari, wameinama. Jicho lisilozoea haliwezi kumwona kombe. Amejizika, na kinachobaki juu ni ufa mwembamba kama alama ya ukucha.

Wataalamu humwita Anadara antiquata, jina alilopewa na Linnaeus mwaka 1758, naye anaishi kuanzia pwani yetu hadi visiwa vya Pasifiki. Magamba yake mawili ni mazito, yana mbavu kama 40 zinazotawanyika kutoka kwenye bawaba, na bawaba yenyewe imenyooka, imepangwa vijino vidogo vingi. Ukimfungua utaona wekundu, kwani tofauti na chaza wengi, damu yake ina himoglobini kama yetu, na hiyo humsaidia kuishi kwenye tope lenye hewa kidogo. Hawindi. Huvuta maji, huchuja chembe za chakula, na huyatoa tena. Mayai na mbegu hukutana majini, na vitoto huelea kabla ya kutua mchangani kuanza kujijengea gamba.

Gamba hilo ndilo lililopanda njia. Pale Shanga, mahali kwenye kisiwa cha Pate, na Tumbe, kule Pemba, wachimbaji wamepata vigae vya vyungu vyenye mifereji iliyochimbika kwa kusuguliwa. Mtu alivunja gamba, akatoboa vipande, kisha akavisugua kwenye kigae hicho mpaka vikawa duara. Kazi hiyo ilifanyika majumbani, kati ya karne ya 7 na ya 10. Ushanga mmoja ulikula muda mwingi wa mtu mvumilivu, na ninaamini ndiyo maana ulithaminiwa hata mbali na bahari.

Nilipoinua kichwa, Usambara ilikuwa imesimama upande wa magharibi, ya buluu. Mabaharia wa Vasco da Gama waliiona kutoka majini mwaka 1498, merikebu yao São Rafael ilipokwama kwenye mafungu haya, wakaipa milima jina la merikebu. Wao waliitazama kama alama ya njia. Kwa kombe, milima hiyo ni sehemu ya mwili wake. Mvua inayonyesha Lushoto huyeyusha mwamba kidogo kidogo, na kalisi yake hushuka na vijito hadi Mkomazi na Lwengera, kisha Pangani, kisha baharini. Humo kombe huichukua, pamoja na ile iliyoletwa na mito mingine yote, akajengea gamba. Aliyevaa ushanga wa kombe pale Mombo alikuwa amerudishiwa chembe za mlima.

Lakini mto haubebi kalisi pekee. Msitu ukifyekwa na mteremko ukilimwa wazi, udongo wenyewe huteremka, na kiumbe anayeishi kwa kuchuja maji hawezi kukwepa kilichomo ndani yake. Huku pwani nako tunavuna kupita kiasi. Fumba, kule Unguja, wanawake wanaookota kombe walitenga sehemu za kutovuna ili wadogo wakue. Najua mkulima wa Lushoto anayejenga matuta na kupanda miti ya kushika udongo anafanya kazi moja na wanawake hao, ingawa hawajawahi kuonana. Ninatamani wajuane.

Mama mmoja aliyekuwa akirudi na ndoo yake aliniuliza natoka wapi. Nikamweleza juu ya mzee wa Soni na swali lake. Akachagua gamba kubwa lililo wazi, akalisuuza kwenye dimbwi mpaka mbavu zake zikaonekana nyeupe, akanipa.

“Mpelekee,” akasema. “Mwambie linatoka kwetu.”

Nikalifunga kwenye leso, nikaanza kupanda.