Santuri Iliyorudisha Jina: ESG wa South Bronx

Mwaka 2000, kampuni ya Soul Jazz ya London, kupitia lebo yake ya Universal Sound, ilitoa albamu ya mkusanyo iitwayo A South Bronx Story. Ilikusanya kazi za bendi ya ESG ambazo kwa miaka mingi hazikupatikana madukani. Wengi walioiweka kwenye mashine kwa mara ya kwanza walikuta sauti wanayoijua tayari. Wasiyemjua ni mwenyewe.

Wenyewe walikuwa akina dada Scroggins: Renee, Valerie, Deborah na Marie. Walikulia katika nyumba za umma za South Bronx, jijini New York, katika miaka ya 1970, mtaa ulipokuwa umeelemewa na ufukara na dawa za kulevya. Mama yao aliwanunulia ala za muziki ili wakae ndani, mbali na vishawishi vya nje. Hawakuwa na mwalimu. Valerie akashika dramu, Deborah besi, Marie tumba, Renee akaimba na kupiga gitaa. Renee amesimulia kwamba walichokipenda zaidi kwa mwanamuziki James Brown ni pale ala nyingine zinaponyamaza na mdundo ukabaki peke yake. Wao wakaamua wimbo mzima uwe ni pale tu.

Ed Bahlman, mwenye duka na lebo ya 99 Records huko Greenwich Village, aliwasikia na kuwapeleka kwenye kumbi za mjini. Huko Tony Wilson wa Factory Records ya Manchester akawaona, akawakutanisha na Martin Hannett, mtayarishaji wa bendi ya Joy Division. Hivyo wasichana waliojifunza wenyewe nyumbani wakaingia katika muziki wa baada ya panki, uliokuwa ukitafuta kilekile walichonacho: wimbo usio na pambo, unaosimama juu ya besi na ngoma. Kwa simulizi ya Renee, nyimbo mbili zilipokwisha kurekodiwa, utepe ulibaki na nafasi ya dakika tatu hivi. Wakaijaza kwa kipande cha gitaa linalolia kama king'ora. Wakakiita UFO.

Santuri yenye nyimbo hizo ilitoka mwaka 1981. Mei 1982 ESG walitumbuiza usiku wa ufunguzi wa klabu ya Haçienda, Manchester, na mwaka 1983 wakatoa albamu ya Come Away with ESG. Baadaye 99 Records ikafungwa, baada ya mgogoro wa kisheria na Sugar Hill Records kuhusu wimbo wa Liquid Liquid, bendi nyingine ya 99. Santuri za ESG zikaadimika.

Sauti yao, hata hivyo, haikuadimika. Watayarishaji wa hip-hop walikinyofoa kile kilio cha UFO, wakakipunguza kasi na kukirudiarudia chini ya mashairi yao. Rapa Big Daddy Kane alikitumia mwaka 1988, na wengi wakafuata, mara nyingi bila wenye wimbo kuombwa ruhusa wala kulipwa. Mwaka 1992 ESG walijibu kwa santuri ambayo jina lake lilisema wazi kwamba kutajwa hakulipi bili zao.

Hapo ndipo uzito wa mkusanyo wa mwaka 2000 ulipo. Uliziweka nyimbo pamoja, ukazitaja kwa majina ya waliozipiga na mtaa walikotoka. Miaka miwili baadaye ESG walitoa albamu mpya, Step Off, mabinti wa Renee na Valerie wakiwa wamejiunga na bendi.

Urithi wa muziki hauhifadhiwi kwa sauti pekee. Sauti ya ESG ilikuwa hai muda wote huo ilhali wenyewe wamesahauliwa. Kwa hiyo tunapokusanya rekodi za zamani, popote tulipo, tuandike kwanza majina ya waliopiga. Wimbo uliopotezewa mwenyewe umehifadhiwa nusu tu.