Tulitaka Kubomoa Jikoni ya Shosho, Shosho Akakataa

Wacha nianze na ukuta, juu huo ukuta ndio ulileta vita kwetu.

Kwa shosho, huko Kinangop, kuna nyumba ya zamani ya setla. Msingi wa mawe, kuta za mbao za mutarakwa, mabati yamepakwa rangi nyekundu mara nyingi hadi hujui ukiangalia ni rangi ama ni kutu. Jikoni iko nyuma kabisa. Kufika huko kutoka chumba cha kulia unafungua mlango, unapita kijia chembamba chenye giza hata saa sita mchana, unafungua mlango mwingine, ndio uingie. Krismasi iliyopita nilitumwa chai mara nyingi sana hadi nikaanza kuhesabu. Hatua 19 kwenda, hatua 19 kurudi. Chai ya watu kumi ikifika mezani ishaanza kupoa.

Anko wangu, yule wa pesa, akasema basi, imetosha. Nyumba inaoza, jikoni ndio imeoza zaidi, tuitengeneze. Mpango wake ulikuwa ule umeona kwa simu yako mara elfu: toa kuta zote, sebule na jikoni ziwe kitu kimoja, weka kaunta katikati na viti virefu. Mimi nilikuwa upande wake, tena kwa hasira. Nilikuwa nimesoma kidogo kuhusu hizi nyumba, na nikamwambia shosho hiyo jikoni ilijengwa na mkoloni kuficha Mwafrika. Tuibomoe tu.

Shosho aliniangalia. Mimi nimeitwa jina la guka, kwa hivyo huniita mzee wangu. Akasema, "Mzee wangu, wewe umepika hapo siku ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi kusoma, na safari hii nikasoma vizuri.

Sehemu moja nilikuwa sawa. Jikoni za masetla ziliwekwa mbali makusudi. Sababu za kawaida zipo: moto, moshi, harufu ya vitunguu, na nyumba ya mbao inaweza kuisha kwa nusu saa. Lakini sababu ingine ni nani alikuwa anapika. Kama uko Nairobi, fanya hivi: nenda makumbusho ya Karen Blixen. Ile nyumba ilijengwa 1912, Blixen na mumewe wakaichukua 1917, yeye akaondoka Kenya 1931. Watu wengi hupiga picha pale mbele, kwa veranda, wakaenda. Zunguka nyuma. Jikoni iko kwa jengo lake peke yake, na ndani kuna stovu ya chuma aina ya Dover, ya kuni, nyeusi, nzito kama gari. Hapo ndipo Kamante Gatura alifanya kazi.

Kamante alikuja kwa hilo shamba akiwa mtoto mwenye vidonda miguuni, akatibiwa, akaishia kuwa mpishi. Blixen mwenyewe ameandika kwamba Kamante hakujua kusoma, kwa hivyo mapishi yote aliyaweka kichwani, na akayapa majina ya mambo yaliyotokea siku aliyoyajifunza. Kuna mchuzi uliitwa kwa radi iliyopiga mti. Mwingine uliitwa kwa farasi aliyekufa. Mwaka wa 1928 mwana wa mfalme wa Uingereza, yule aliyekuja kuwa Edward wa Nane, alikula chakula hapo na akasifu mchuzi wa Kamante. Na Kamante mwenyewe hakuwa na haja na hicho chakula. Alikipika kama kazi, halafu akaenda kula mahindi yake.

Kitu kingine kuhusu hiyo nyumba, watu hawajui: 1964 serikali ya Denmark iliipatia Kenya kama zawadi ya uhuru, na Kenya ikaweka hapo chuo cha mambo ya lishe. Makumbusho yalifunguliwa baadaye, 1986, mwaka mmoja baada ya ile filamu. Kwa hivyo kwa miaka mingi, pale memsahib alikuwa anakula, Wakenya walikuwa wanasomea chakula. Hiyo naipenda sana, sijui kwa nini haisemwi.

Turudi nyuma. Wapishi wengi wa masetla walikuwa wanaume. Kila mmoja alikuwa na kipande. Sheria ilipitishwa 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza: mwanaume Mwafrika kuanzia kama miaka 16 anabeba karatasi ndani ya kijikebe cha chuma shingoni, yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara. Ukiacha kazi bila kuandikiwa ruhusa, unatafutwa. Kitu hicho kilidumu hadi mwisho wa miaka ya 1940. Kwa hivyo ukifikiria mpishi akiinama kwa stovu, mfikirie na hicho kijikebe kikining'inia.

Na lugha ya jikoni ilikuwa hii yetu, lakini imevunjwa. Kile Kiswahili cha masetla, wenyewe tunaita kisetla, kilikuwa cha amri tu. Leta, ondoa, pika, upesi. Kulikuwa na vitabu vya kukifundisha. Kimoja cha 1936 kinasema kwa kichwa chake kabisa kwamba ni cha askari, setla, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Hao wake zao ndio walikuwa wanaongea na jikoni. Ukijiuliza kwa nini wazee wengine bara wanaongea Kiswahili kama wanafoka, sehemu ya jibu iko hapo.

Halafu kuna komeo. Hii ndiyo ilinimaliza.

Kwa ule mlango wa kutoka kwa kijia kuingia nyumbani kuna komeo kubwa la chuma, na liko upande wa nyumba. Mtu wa jikoni hawezi kulifungua. Nilikuwa nimeliona maisha yangu yote bila kuliona, kama unanielewa. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Januari 1953 familia ya setla iliuawa hapo hapo Kinangop, mume, mke na mtoto wao wa miaka sita, na watu waliofanya kazi shambani walihusishwa. Masetla wakaandamana mpaka Government House Nairobi wakitaka hatua kali. Baada ya hapo nyumba nyingi zilianza kufungia wafanyakazi nje kabla giza liingie. Chakula cha jioni kinapikwa mapema, kinapitishwa, mlango unafungwa. Na Wakikuyu kwa maelfu wakafukuzwa kutoka mashamba ya masetla, wakarudishwa kwenye rizavu walikokuwa hawana hata pa kulala.

Nilimuuliza shosho kama anajua komeo ni la nini. Akacheka. Baba yake alikuwa mpishi. Si kwa nyumba hii, kwa nyingine ng'ambo ya mto, iliyobomolewa zamani, lakini anasema zilikuwa kama mapacha: stovu pale, stoo ya baridi pale, sinki chini ya dirisha. Yeye alizaliwa kwenye vijumba vya wafanyakazi. Alikuwa na miaka tisa 1953, wakati lori lilikuja kuwachukua na vitu vyao kuwapeleka Murang'a. Anakumbuka baba yake alirudi mara moja ndani ya jikoni kabla lori liondoke. Hakwenda kuiba kitu wala kuaga mtu. Alienda kutoa kuni kwa stovu, kwa sababu aliacha moto, na moto hauachwi.

Nikasema hiyo inaudhi zaidi, sasa kwa nini unataka tuiache? Akaniambia, "Jikoni ilikuwa ya baba. Hao walikuwa wanakuja kula tu."

Sasa, jinsi sisi tulipata nyumba ya setla. Mwaka wa 1962 ulianza ule Mpango wa Ekari Milioni Moja. Uingereza ilitoa pesa, nyingine mkopo, mashamba ya masetla yakanunuliwa, yakakatwa vipande, zikawekwa familia kama 35,000. Mkopo ulilipwa na hao wakulima, yaani walinunua ardhi waliyoamini ilikuwa yao tayari. (Na kabla tujipige kifua sana, Kinangop ilikuwa malisho ya Wamaasai, kabla wahamishwe kwa mkataba wa 1904. Hiyo tutaongea siku ingine.) Nyumba kubwa hazikupewa wakulima wadogo. Mara nyingi ziliachwa na ekari kama 100 kuzizunguka, zikauziwa watu wenye jina na wenye pesa. Nyingine zikawa shule, nyingine ofisi. Yetu ilienda kwa mkubwa mmoja ambaye hakuwahi kulala humo, na miaka ya 1970 guka akanunua kipande cha shamba lake, nyumba ikiwa juu yake. Kwa miaka kumi shosho hakutumia ile jikoni hata. Alijenga yake nje ya mbao, na mawe matatu, kama ya mama yake. Ile ya ndani iliwekwa viazi.

Alirudi ndani kwa sababu ya baridi. Kinangop si mchezo, Julai unapumua moshi. Stovu ya chuma inapasha chumba na kupika wakati mmoja, mawe matatu hayafanyi hivyo na moshi wake unakaa machoni. Alipoanza kuitumia ndio akaelewa mpangilio. Stoo iko upande usiopigwa jua, kidirisha chake ni kidogo na kina wavu, maziwa yanakaa siku mbili bila friji. Sinki iko chini ya dirisha kwa sababu maji machafu yanateremka kwenda kwa bustani yenyewe, hakuna pampu. Stovu iko kwa ukuta wa katikati ili bomba la moshi lipashe na chumba cha kulia. Hakuna kitu kimewekwa ovyo.

Na huo ukuta wa katikati ndio anko alitaka kutoa. Fundi alikuja, akapanda juu ya dari, akashuka na vumbi hadi kwa nyusi. Akamwambia anko, "Bosi, ukitoa hii ukuta, hiyo paa inakufuata." Kuweka nguzo na chuma cha kushikilia ingefika karibu laki tano. Anko alinyamaza kidogo. Nadhani bei ilimshawishi kuliko historia, lakini sawa.

Kwa hivyo tulitengeneza bila kusogeza kitu. Kuta zilibaki, milango ilibaki, sinki mahali pake. Mbao za sakafu karibu na sinki zilikuwa zimeoza, tukang'oa, tukapata chini yake kijiko cha mtoto na viota vya panya vya vizazi vitatu. Chimni ilisafishwa, ikatoa masizi ya debe nne. Tukavuta stima upya, kwa sababu waya za zamani zilikuwa zimefungwa na kitambaa, na hiyo ni kifo inangoja. Meko ya gesi iliwekwa kando ya stovu, si badala yake. Kaunta tuliinua kidogo kwa sababu shosho mgongo unauma. Jumla ilikuwa laki moja na elfu sabini hivi, pamoja na chakula cha mafundi.

Zile hatua 19? Kuna mwanamke wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, ambaye 1926 alichora jikoni ya nyumba za wafanyakazi mji wa Frankfurt. Upana chini ya mita mbili, urefu kama mita tatu na nusu, kila kitu mkononi. Zikajengwa kama 10,000. Alipunguza hatua kwa sababu alijua anayepika na anayekula ni mtu yule yule, hakuna wa kutumwa. Setla hakuhesabu hatua kwa sababu miguu haikuwa yake. Sisi tulipata suluhisho rahisi: kati ya jikoni na chumba cha kulia, kando ya chimni, kulikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani, kimepigiliwa mbao na kupakwa rangi juu. Fundi alikifungua siku moja. Sasa chai inapita hapo. Na ukikaa mezani unamwona anayepika uso wake.

Kabla uniandikie kwa komenti kwamba hizo ni hadithi za ocha, angalia keja yako. Ghorofa ngapi za Nairobi, mpya kabisa, zina jikoni yenye mlango wa nyuma, na nyuma ya huo mlango kachumba ka msichana wa kazi kasikotosha kitanda na mtu kusimama? Hizo hazikujengwa 1912. Zinajengwa sasa, na sisi, na kwa matangazo hicho kachumba ni cha kujivunia. Mimi nilikuwa tayari kubomoa jikoni ya shosho kwa hasira ya ukoloni, na nimelelewa kwa nyumba yenye hicho kachumba. Auntie aliyenilea alilala humo miaka sita. Sijawahi hata kuuliza kama dirisha lake lilikuwa linafunguka.

Jumapili ya kwanza tuliwasha stovu. Ilitoa moshi kidogo, ikakataa, halafu ikashika. Shosho alipika mukimo, akakataa usaidizi wa kila mtu, akatupitishia sahani kwa kidirisha moja moja huku akitaja majina. Anko bado anataka kaunta yake ya viti virefu. Ameambiwa aijenge kwake.

Komeo lilitolewa. Nilitaka kuja nalo Nairobi niliweke kwa ukuta, kama maonyesho hivi, nikupigie na video. Shosho alikuwa amelichukua tayari. Liko kwa mlango wa banda la kuku.